Mzungusha Kabati wa Taşlıdere

Pale Taşlıdere, mji wetu mdogo wa milimani Uturuki, ukimwambia mtu kwamba anazungusha kabati, umemwita mpika njama. Wengine hukunja uso wakiambiwa hivyo. Naciye akiambiwa, huuliza tu, "Lipi? La leo au la wiki jana?"

Kabati lenyewe si la maneno matupu. Lipo ghorofani katika jumba la kale la akina Tahirzade, ambalo siku hizi ni makumbusho ya wilaya. Ni la mbao, la mviringo kama pipa, limepachikwa ukutani katikati ya sebule ya wanaume na vyumba vya wanawake. Enzi zile mabwana wakitaka kahawa waligonga ukuta. Wanawake waliweka sinia ndani, wakasukuma, kabati likageuka, kahawa ikatokea upande wa pili bila mgeni kuona hata ukucha wa aliyeipika. Mabwana waliamini wamebuni kinga ya heshima. Wanawake walijua walichopewa ni tundu la kusikilizia.

Mama yake Naciye alikuwa mpishi wa jumba hilo wakati wenyewe bado wanaishi humo, na Naciye alijifunza kutambaa kati ya magunia ya bulguri, ngano iliyopondwa. Alipopata mwili wa kutosha kujikunja, aliingia kabatini. Siku moja wageni wazito wakingoja vitamu vya baklava, likazunguka, akawatokea yeye, mashavu yamejaa na shira inatiririka kidevuni. Mama yake alimtandika kwa mwiko. Mwenye nyumba alicheka mpaka akalegeza mshipi. Hapo Naciye akapata elimu iliyomtosha maisha: ukiwatokea watu wasipokutarajia, nusu watakasirika na nusu watacheka, na kazi yako ni kuhakikisha mwenye nyumba yumo kwenye nusu inayocheka.

Aliolewa na Halil, dereva wa lori la mawe, mtu mpole aliyekubali kuchezewa kila aina ya shere. Walimpata mtoto mmoja wa kiume ambaye sasa yuko Ujerumani, na kila akipiga simu huuliza kwanza, "Mama, safari hii umefanya nini?" Halil alifariki lori likiwa limeegeshwa, injini imezimwa, yeye mwenyewe amelala kwenye kiti kama anayepumzika. Akina Tahirzade nao walihamia Istanbul mmoja mmoja, wa mwisho akaiachia serikali jumba. Serikali ilipokuja kuligeuza makumbusho ilikuta fungu la funguo na hakuna aliyejua upi ni wa wapi, ila binti wa mpishi. Wakampa koti la buluu na kibao cha jina.

Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi na kuwaambia wageni wasiguse. Kati ya hayo mawili alijitafutia starehe. Sanamu za nta alizibatiza majina ya majirani. Ile ya mtoza ushuru wa zamani kila asubuhi ilikutwa imeelekea ukutani, na Mkurugenzi akaandika kwa makao makuu kwamba sakafu imeinama. Mgeni akiuliza chombo fulani kilikuwa cha nini, na kadi ya maelezo ikiwa imeanguka, Naciye hakumwacha aondoke mikono mitupu. Kuna profesa mmoja aliyerudi Ankara akijua kwamba upinde wa kupigia pamba ni kinanda cha wajane.

Lakini nyumbani, kabati lake lilikuwa limekwama.

Nyumbani kwenyewe kulikuwa kwa kaka yake mkubwa, Muhittin, mkuu wa stesheni mstaafu, mtu wa mapazia meupe na masharubu ya kusokotwa ncha. Mkewe alipofariki, Naciye alihamia kwake kwa wiki chache tu, mpaka kaka apate nguvu. Wiki zikazaa miaka. Kaka alipata nguvu zote isipokuwa za kuwasha jiko. Kila siku, treni zikiwa zimekoma kumhusu, alisimama mlango wa jikoni na saa yake ya mfukoni kuangalia kama supu ya tarhana, ile ya unga wa ngano na mtindi, inaingia kwa wakati.

Ndipo akatokea Rüstem. Alikuwa fundi wa kutia bati vyombo vya shaba pale sokoni, mjane wa kiume, mwembamba kama uzi, mwenye kucha nyeusi na maneno machache. Makumbusho yalimpelekea masufuria ya kale ayang'arishe, na Naciye ndiye aliyeyabeba. Sufuria zikaanza kuchafuka kwa kasi isiyo ya kawaida. Rüstem hakuuliza. Alizipokea, akazipuliza kwa mvukuto wake, akazirudisha ziking'aa, na ndani ya kila moja alimwekea tufaha.

Akaposa kama inavyotakiwa, kwa kumtuma mzee wa mtaa. Muhittin akajibu kwamba mjane wa umri ule kuolewa ni aibu, watu watasema nini? Watu, walipoulizwa, hawakuwa na la kusema. Naciye alijua vizuri penye kidonda. Siku ile mzee wa mtaa alipokuja, kaka yake alikula bakuli la supu kabla ya kukataa, na jingine baada ya kukataa. Iliyokuwa hatarini si heshima. Ilikuwa tumbo.

Mtu atasema, mwanamke mzima na mvi zake, si ashike mfuko wake aondoke? Angeweza, na hakuna hakimu ambaye angemzuia. Ila pale kwetu bibi harusi asiyetolewa na watu wake huingia nyumba mpya kama paka aliyepitia dirishani, na kila sahani ikivunjika wanamtazama yeye. Rüstem naye alikataa kabisa. "Nitakungoja," alimwambia, "lakini mlangoni, si dirishani." Tena kungoja kwenyewe kulikuwa na mwisho, maana binti yake wa Bursa alikuwa akimtaka afunge duka ahamie kwake kabla theluji haijaziba barabara ya mlimani. Majani ya kando ya mto yalikwisha kuanza kupukutika.

Basi pua ya Baba Mzazi ikayeyuka.

Baba Mzazi ni sanamu ya sebule ya wanaume, kwenye onyesho la posa: baba wa msichana amekaa upande wa jiko la kuotea moto, bwana harusi upande wa dirisha, mzee wa kuposa katikati. Asubuhi moja Mkurugenzi Ferhan, kijana msafi aliyesomea mambo ya kale na kuyapenda kweli, alikuta pua imeteremka mpaka kidevuni. Akauliza ni nani aliyesogeza jiko.

"Jiko halijasogea, Bwana Mkurugenzi," Naciye akajibu. "Aliyesogea ni mzee. Baridi imeanza."

Sanamu zote tatu zikapelekwa mji mkubwa kutengenezwa, na Mkuu wa Mkoa alikuwa amekwisha kutangaza siku ya kuja kukitazama chumba hicho hicho. Ferhan alikosa usingizi. Naciye akiwa anafuta dirisha, bila kugeuka, akasema kwamba yeye ni mfagizi tu na hajui mambo, ila zamani wageni wakubwa walionyeshwa watu, si midoli. Kufikia adhuhuri lilikuwa wazo la Mkurugenzi, na alilieleza kwa furaha hata Naciye akaona vibaya kutompongeza.

Baba wa msichana angekuwa nani? Mtu mwenye sura, mwenye sauti, mwenye masharubu. Ferhan alitembea mji mzima kimawazo na kurudi kwa Muhittin. Muhittin alikataa mara moja kwa adabu, akakubali kabla adabu haijapoa. Tangu siku hiyo, Naciye akiwa anaosha vyombo, alimsikia kaka yake mbele ya kioo cha bafuni akifanya mazoezi: "Mungu amejaalia, nasi tumempa." Akaijaribu kwa sauti nzito, akaijaribu kwa huzuni ya mzazi, akaijaribu akiwa na mkono kifuani. Naciye alisugua sufuria lile lile mpaka likataka kutoboka.

Mzee wa kuposa alikuwa Imamu Hasip. Imamu alikuwa na elimu kubwa na kumbukumbu ya majina iliyovuja. Aliwahi kumwombea marehemu kwa jina la mtu aliyelibeba jeneza. Katika maigizo msichana alipangiwa kuitwa Zehra. Mazoezini Imamu akasema Safiye, akasema Zeynep, akasema Zekeriya. Naciye akamhurumia. Akamnong'oneza kwamba kwa nini ajisumbue, ataje tu jina la mtu anayemwona kila siku. "Taja hata langu, Imamu." Imamu akashukuru sana.

Likabaki la bwana harusi. Aliyechaguliwa ni Kenan kinyozi, kijana wa kupendeza. Asubuhi ya siku yenyewe akavalishwa kizibao cha hariri kutoka kabati la kioo, kizibao halisi cha bwana harusi wa akina Tahirzade, na hakikufunga. Wakamwita mwalimu wa mazoezi, hakikufunga. Muuza mikate hakupitisha hata bega. Ferhan alizunguka chumba akisema kwamba juzi tu alikipima, kwamba hariri hainywei. Hariri kweli hainywei. Ila ukipitisha uzi mwembamba ndani ya mishono ya ubavuni, hujikaza, na uzi huo huvutika ukatoka kama haukuwahi kuwepo. Naciye alikuwa ameupitisha mwenyewe, kwa heshima zote kinazostahili kizibao cha kale.

"Basi tafuteni mtu mwembamba," akasema, akipita na ndoo. "Aliyezoea kushika vitu vya makumbusho."

Mchana magari meusi yakapanda kilima. Sebule ikajaa. Naciye hakuona kitu, maana mahali pake palikuwa nyuma ya kabati, kwenye jiko dogo la kahawa, yeye na Makbule, mkata tiketi na shoga yake wa tangu ujana. Ilibidi wasikie kwa masikio, kama mama zao.

Walisikia viti. Walisikia kaka yake akikohoa kikohozi cha kibaba. Walisikia mlango ukifunguliwa, bwana harusi akiingia na salamu ya chini chini, halafu kikohozi cha kibaba kikakatika katikati.

"Amemwona," Makbule akanong'ona.

"Amemwona. Hawezi kuinuka?"

"Ainuke aende wapi, Mkuu wa Mkoa amekaa mlangoni."

Naciye akachemsha kahawa. Sasa kila mtu pale anajua kwamba kahawa ya posa ina siri yake. Wote hupata kahawa ya kawaida, ila bwana harusi hutiliwa chumvi na msichana mwenyewe. Akiinywa bila kukunja uso, amekubali machungu ya mkewe. Katika maigizo Mkurugenzi alikuwa amepanga chumvi ya uongo, kwa sababu ya afya. Naciye akatia ya kweli, akaongeza, akafikiria miaka ya kungoja, akaongeza tena.

"Unamposa au unamhifadhi kama samaki?" Makbule akauliza.

"Nyamaza, utanipotezea hesabu."

Akaiweka finjani ya chumvi upande wa dirisha alipokaa Rüstem, ile tamu upande wa jiko alipokaa kaka yake, kwa kuwa Muhittin hunywa kahawa ya sukari nyingi, na ya Imamu katikati. Ukuta ukagongwa. Akasukuma. Kabati likalia kwa ile sauti yake ya bata, likageuka, sinia ikaenda.

Wakasikia watu wakipuliza finjani. Kisha akasikika Rüstem, mtu aliyekuwa amejiandaa kuteseka, akisema kwa mshangao wa dhati, "Tamu."

Naciye akashika ukuta. Kabati likigeuka, kila kilichokuwa upande wa dirisha huenda upande wa jiko, na cha upande wa jiko huenda upande wa dirisha. Mtoto yeyote aliyelelewa jumba lile alijua: unapakia kinyume. Mama yake alimfundisha hilo kabla ya sala. Na leo, siku moja katika maisha yake yote, alikuwa amepakia sawa.

Makbule alielewa baada yake kidogo. Akajifunika aproni usoni, mabega yakaanza kuruka.

Upande wa pili finjani iliinuliwa. Wakasikia funda likiingia, na halikusikika likishuka. Naciye alimwona kaka yake kwa macho ya moyo: ncha za masharubu zimesimama, mdomo umejaa bahari nzima, mbele yake Mkuu wa Mkoa na mpiga picha wa gazeti. Tena hakuwa mjinga. Ndani ya mchezo hamna chumvi ya kweli. Chumvi ya kweli hutiwa na msichana wa kweli.

Funda likashuka. Muhittin akanywa la pili. Akanywa yote, finjani ikagusa kisahani taratibu.

"Mikono iliyoipika isiugue," akasema kwa sauti iliyokauka. Ndivyo wanavyoshukuru watu, na Naciye alisikia kila silabi ikiwa na chumvi yake.

Imamu Hasip akajikohoza, akaanza. "Bwana Muhittin, kwa amri ya Mungu na kwa kauli ya Mtume wake, tumekuja kumwomba dada yako Naciye kwa ajili ya ndugu yetu Rüstem."

Mchezo ulisema binti yako Zehra kwa ajili ya mtoto wetu. Sebuleni mtu akacheka akakatiza. Karatasi za Mkurugenzi zikachakarika kutafuta mstari huo. Naciye alikuwa ameomba jina moja tu. Hayo mengine, dada na ndugu na Rüstem, Imamu aliyatoa wapi? Labda kumbukumbu ya yule mzee ilikuwa inavuja pale tu alipotaka.

Muhittin angeweza kusema tutafikiri, jibu la adabu ambalo kila mtu hujua maana yake. Lakini alikuwa amefanya mazoezi. Na alikuwa na akili ya kutosha kuona kwamba maigizo ni maigizo, atasema leo, atakana jioni.

"Mungu amejaalia," akanguruma, huzuni ya mzazi na mkono kifuani vyote ndani, "nasi tumempa."

Makofi yalitikisa vioo. Yalipotulia akasikika akimwambia Imamu, kwa kicheko chepesi, kwamba mchezo umependeza, na sasa hao wawili warudi kila mtu kwake.

"Mchezo?" Imamu akasema, bila kupandisha sauti. "Mambo matatu, Bwana Muhittin, kwa kauli ya Mtume, dhati yake ni dhati na mzaha wake ni dhati. Kuoa, kuacha na kumrejea mke. Wewe mwenyewe hunikumbusha hilo kila Ijumaa kuhusu mashemeji za watu."

Hapo sebule nzima ilielewa. Mkuu wa Mkoa alimwinamia Mkurugenzi akamuuliza jambo, na Ferhan akasikika akijibu kwa unyonge kwamba, Mheshimiwa, hata yeye hajui.

Lakini Muhittin hakuendesha stesheni miaka yote ile kwa bahati. Treni ikitoka reli hii, alijua kuipeleka nyingine.

"Neno langu ni neno," akasema. "Nimempa. Kwa sharti. Bwana harusi ahamie kwangu. Ghorofa ya chini ni tupu, na dada yangu asihangaike kubeba vyombo vyake."

Watu wakavuta pumzi. Mwanamume kuhamia kwa shemeji, pale kwetu, ni kuvaa mkufu wa mbwa mbele ya soko zima. Naciye akaisikia supu yake ikiwekwa tena jikoni kwa kaka, milele, safari hii mabakuli matatu badala ya mawili. Akangoja Rüstem akatae. Akikataa, posa imekufa, na aliyeiua ni Rüstem.

"Nitahamia," akasema Rüstem.

Naciye akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Mtu huyu angevaa hata mkufu.

"Shoga," Makbule akasema, amekwisha kucheka sasa, "hapo umezungushwa wewe."

Naciye akatazama huku na huku. Pale mezani, kati ya vitu vya maonyesho, palikuwa na upawa mkubwa wa shaba wa jiko la akina Tahirzade, ambao Rüstem aliutia bati mwenyewe. Akaulaza ndani ya kabati, mpini ukielekea anakotaka uende. Safari hii alifikiri kwanza. Akasukuma.

Kabati likalia kama bata. Mkuu wa Mkoa ndiye aliyeanza. Alicheka kicheko cha mtu ambaye kwao pia kuna kaka kama huyo, wengine wakamfuata, mpaka mpiga picha akashindwa kushika kamera.

"Wa nani huu?" Muhittin akauliza, ingawa mpini ulimtazama yeye.

Naciye hakumjibu kutoka ukutani. Alivua aproni, akafungua mlango wa pembeni, akaingia sebule ya wanaume. Ferhan akaruka, akamkumbusha kwa mnong'ono wa mateso kwamba katika kipindi kinachoonyeshwa mwanamke hakuingia humu.

"Ngoja kidogo, Bwana Mkurugenzi, nipite, halafu kipindi kiendelee."

Akasimama mbele ya kaka yake. Muhittin alikuwa bado ameshika upawa kama bendera ya stesheni, na macho yake yalikuwa mekundu, kwa chumvi au kwa kingine.

"Kaka, umenitoa mbele ya watu, Mungu akulipe," akasema. "Nitakuja kukuona kila siku. Nitakuja kama mgeni, utanikaribisha, utanipikia. Rüstem atakaa kwake na mimi nitakaa kwa Rüstem. Ukiona nimekuvunjia heshima, sema sasa hivi nirudi nyuma ya kabati."

Muhittin alitazama umati, akamtazama mtu mwembamba kwenye kizibao kilichombana, ambaye hakuwa ameinua kichwa. Akamtazama dada yake muda mrefu zaidi. Kisha akageuza mkono wake, kiganja chini, akaunyosha, kama anavyounyosha mzazi akibariki.

Naciye akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake. Rüstem akaja akafanya vivyo hivyo, na alipoinama uzi wa ubavuni ukakatika, kizibao kikaachia kwa mlio mdogo uliomfanya Mkurugenzi afumbe macho.

Watu wakiwa wanapeana mikono, Muhittin akamvuta dada yake karibu, mdomo sikioni.

"Tarhana," akanong'ona, "unaanza na maji au unaanza na unga?"

"Muulize shemeji yako," Naciye akasema. "Amejipikia miaka sita, na bado yu hai."